Mfanyakazi Anaugua, Watu Wanasema ni Mionzi: Uchunguzi Uanzie Wapi

Mionzi haina ugonjwa wake peke yake. Saratani ya damu iliyoletwa na mionzi, ukiiweka chini ya hadubini, ni ileile inayompata mtu ambaye hajawahi kukaribia chanzo chochote. Kutapika, kukosa nguvu, damu kupungua, nywele kunyonyoka: kila moja ina sababu nyingine kumi. Kwa hiyo anayeanza kwa kuorodhesha dalili za wagonjwa hukwama mapema, na akikwama, uvumi hushika usukani. Tumejifunza kuanza upande wa pili. Palikuwa na chanzo gani, mtu alikuwa umbali gani nacho, kwa muda gani? Ukipata dozi, yaani kiasi cha mionzi alichopokea, hata ya kukadiria, ndipo unauweka ugonjwa kando yake na kuuliza kama vinaendana.

Huku kanda ya kati vyanzo si vingi, na hilo ni nafuu kwa mchunguzi. Kwenye miradi ya barabara kuzunguka Jiji la Dodoma kuna geji za kupimia ushindiliaji wa udongo na lami. Penye kulehemu mabomba makubwa au matangi kuna timu za kupiga picha weldi kwa iridiamu 192. Hospitali zina mashine za eksirei na CT, ambazo zikizimwa hazitoi mionzi yoyote, hivyo chumba chenyewe usiku hakimdhuru mfagiaji. Halafu kuna mashapo yenye urani Bahi na Manyoni, ambako kampuni za utafiti wa madini zilichoronga ardhi na vijana wa vijijini wakabeba sampuli. Kila chanzo kina njia yake ya kumfikia mtu. Kuvichanganya chini ya jina moja la "mionzi" ndiko kunakoharibu uchunguzi mwingi siku ya kwanza.

Tuanze na geji, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi na ndiyo rahisi kuhesabu. Ndani yake kwa kawaida kuna siziamu 137 ya takribani gigabekereli 0.3 (bekereli hupima nguvu ya chanzo), na amerisiamu 241 iliyochanganywa na berili, takribani gigabekereli 1.5, inayotoa nyutroni za kupimia unyevu. Kwenye sanduku lake la njano kuna lebo ya usafirishaji yenye herufi TI na namba. Zidisha namba hiyo kwa 10, unapata mikrosivati kwa saa umbali wa mita moja (sivati hupima dozi). TI ikiwa 0.4, basi ni mikrosivati 4 kwa saa.

Sasa chukua hali inayotokea kambini: hakuna stoo yenye kufuli, geji inahifadhiwa chumbani anakolala fundi maabara, mita moja kutoka kitandani. Saa 8 kwa usiku, usiku 300 kwa mwaka, ni saa 2,400. Mara 4, unapata mikrosivati 9,600, yaani milisivati 9.6. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi wa mionzi ni milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Kwa mtu wa kawaida ni 1. Hapo tayari una majibu mawili, na yote lazima yasemwe. La kwanza, huo ni uzembe mkubwa, na kama mpishi wa kambi naye analala chumba hichohicho, kipimo chake kimevukwa mara tisa. La pili, nywele za kichwani huanza kunyonyoka kwa dozi ya takribani grei 3 (kwa mionzi ya gama, grei moja ni kama milisivati 1,000) iliyopigwa kwa muda mfupi kichwani penyewe. Milisivati 9.6 za mwaka mzima hazifiki hata sehemu moja ya mia tatu ya hapo. Fundi huyo akiwa amenyonyoka nywele, tafuta fangasi, tezi la shingo au dawa anazotumia. Anastahili tiba ya kile anachoumwa kweli.

Geji iliyokanyagwa na roli au greda ni habari nyingine. Hapo usihesabu kutoka kwenye lebo. Watu wasogezwe mita kadhaa nyuma, mtambo uliokanyaga ubaki papo hapo hadi magurudumu yake yapimwe, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iitwe. Mashine ikiondolewa kwenda karakana kabla ya kupimwa, kama kapsuli imepasuka umeshasambaza uchafu barabarani, na mchunguzi atakayekuja hataweza kusema nani alikanyaga wapi.

Iridiamu 192 ndiyo inayotutia hofu kweli. Chanzo cha terabekereli 1, ambacho ni cha kawaida kazini, kikiwa nje ya kasha lake kinatoa takribani milisivati 130 kwa saa umbali wa mita moja. Ni kama jiko la mkaa, ukisogea nyuma joto linashuka, ila hapa linashuka kwa mraba wa umbali: mita 5 ni 130 gawa kwa 25, yaani milisivati 5.2 kwa saa. Dakika 3 hapo ni milisivati 0.26, jambo la kuandikwa kwenye daftari lakini si la kumlaza mtu. Sasa rudi upande wa pili. Chanzo hichohicho, ambacho ni kidonge kidogo cha chuma, kikiwa sentimita moja kutoka kwenye ngozi, hesabu inafika karibu grei 20 kwa dakika. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, fundi wa kulehemu aliokota kidonge cha iridiamu kilichochomoka, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi kwa saa kadhaa. Alikatwa mguu.

Jeraha la namna hiyo lina tabia zake. Mgonjwa hakumbuki kuungua. Wekundu unakuja baadaye, na umbo lake linafuata mfuko au vidole vilivyoshika. Jeraha la moto huanza kupona baada ya siku chache, wakati hili linazidi kuchimbika wiki baada ya wiki. Daktari wa zahanati anayeona kidonda cha hivi kwa fundi wa mabomba amuulize swali moja: "Fundi, kuna kitu chochote cha chuma, kama kipande cha mnyororo mdogo, uliokota kazini?" Asiulize kama amepata mionzi. Aliyeokota hajui kama ni mionzi, ndiyo maana aliokota.

Kuhusu iridiamu kuna mtego wa tarehe. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74. Ukija kuchunguza mwaka mmoja baadaye na kupima chanzo kilekile, utakuta kimebaki na sehemu moja ya thelathini. Tumeona ripoti zikisema chanzo "ni dhaifu, hakingeweza kumdhuru mtu", kumbe mpimaji amepima mabaki. Omba cheti cha chanzo, angalia tarehe na nguvu iliyoandikwa, kisha hesabu kwenda mbele hadi siku ya tukio. Omba na daftari la kutoa na kurudisha chanzo stoo. Kama daftari lote lina wino mmoja na mwandiko mmoja usiobadilika kwa miezi sita, limejazwa siku moja, na uliandike hivyo kwenye ripoti yako.

Baada ya karatasi, nenda eneo lenyewe na futi ya kamba, mambo (vigingi) za mbao na chaki. Jiwe liwe mahali pa chanzo. Waliokuwapo waitwe wote pamoja, si mmoja mmoja ofisini kwa bosi. Mmoja atasimama na kusema, "Nilikuwa hapa." Mwenzake atamsogeza: "Hapana kaka, ulikuwa huku, karibu na jenereta, ndiyo maana hukunisikia nikikuita." Mambo inahamishwa kutoka mita 9 kwenda mita 3, na kwa kuhama huko dozi yake imezidi mara tisa. Hakuna mita ya mionzi inayoweza kukupa hilo. Muda nao usiuulize kwa dakika, maana kila mtu husema dakika tano. Uliza alichokifanya: alibeba mabomba mangapi, alifunga bolti ngapi, chai ilikuwa imekuja au bado. Kisha mwambie arudie kazi ileile wewe ukishika saa.

Vifaa vya kupimia navyo vinadanganya kwa njia zinazojulikana. Mita za bei ndogo zikiingia kwenye mionzi mikali huzidiwa na kusoma sifuri, na mtu akasogea mbele akidhani pako salama. Mita ya gama haioni nyutroni za geji. Chembe za alfa kutoka kwenye vumbi la urani haziwezi kupenya hata karatasi, hivyo mita iliyofungwa nailoni kuzuia vumbi haitaziona. Na mita ambayo haijahakikiwa usahihi wake ni sawa na kubahatisha. Tume ina maabara ya kuhakiki vifaa hivi Arusha, kwa hiyo cheti chenye tarehe kinapatikana. Baya kuliko yote ni kupima siku ambayo kazi imesimama. Mwajiri analeta mtaalamu Jumapili, chanzo kiko ndani ya kasha, stoo imefungwa, kila kitu kinasoma kawaida. Vipimo vyote ni vya kweli, na havina uhusiano wowote na Jumanne ambayo watu wanailalamikia.

Beji za kupimia dozi ya mtu ni ushahidi mzuri kama zilivaliwa. Ikisoma sifuri kwa robo mwaka mfululizo kwa mtu anayefanya kazi ya iridiamu, uliza ilikuwa wapi. Mara nyingi iko kwenye droo ili isipotee, kwa kuwa ikipotea anakatwa hela. Ikisoma juu mno, uliza kama ilining'inizwa kwenye sanduku la geji usiku. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani, na jua la Dodoma tunalijua, joto hufuta sehemu ya kumbukumbu na namba inashuka. Kibarua anayeshika kebo hana beji kabisa. Kwa hiyo kukosekana kwa namba kwenye rekodi kusiandikwe kama "hakupata dozi". Kuandikwe "hakupimwa", na dozi ikadiriwe kutoka kwa mwenzake aliyesimama naye.

Kwenye mwili wa mtu ushahidi upo, ila unaondoka haraka. Saa 48 za mwanzo ndizo za dhahabu. FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, ichukuliwe mara tu tukio linapojulikana, irudiwe kila baada ya saa 6 hadi 12, na kinachotazamwa ni limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zinavyoshuka, kisha ndipo chembe nyingine. Andika saa ya kutapika kwa mara ya kwanza. Dozi ikiwa kubwa, kutapika kunakuja mapema. FBP ya miezi sita baadaye haikuambii dozi. Na hapa kwetu kuna vivuruga viwili vikubwa: malaria hushusha chembe sahani, VVU hushusha limfosaiti. Ndiyo sababu kadi ya uchunguzi wa afya kabla ya ajira ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Bila namba za zamani huwezi kusema kitu kimeshuka.

Kuna kipimo cha kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), cha kuhesabu zile zenye vitovu viwili ndani ya limfosaiti. Kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi, hupatikana takribani moja kwenye seli 1,000. Kikisomwa vizuri kinaona dozi kuanzia karibu grei 0.1 ya mwili mzima. Damu iwekwe kwenye chupa yenye lithiamu heparini, isigandishwe, isipigwe jua, ifike maabara ikiwa hai, maana seli lazima zioteshwe kwa saa 48. Chupa ya zambarau ya FBP haifai, na hapa ndipo sampuli nyingi hufia. Alama hizo hufifia kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo tukio la miaka kumi iliyopita linahitaji kipimo kingine cha kromosomu zilizobadilishana vipande.

Urani ya Bahi na Manyoni ni suala la namna nyingine kabisa. Hakuna kidonge chenye nguvu. Kuna udongo, vumbi na maji. Kila sehemu moja ya urani kwa milioni kwenye udongo huongeza takribani nanogrei 6 kwa saa juu ya ardhi. Chukua mashapo yenye sehemu 150 kwa milioni: mtu akisimama juu yake saa 2,000 kwa mwaka, hewani ni kama miligrei 1.8, na kwa mwili mzima dozi ya nje ni kama milisivati 1 na kidogo. Vumbi linalovutwa linaongezea, hasa kwa mwenye kazi ya kusaga na kugawa sampuli zikiwa kavu. Radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye urani, nje kwenye upepo wa Bahi hutawanyika. Ndani ya kibanda kilichofungwa kilichojaa magunia ya sampuli hurundikana, hivyo pima kibandani. Lakini mwilini urani huanza kudhuru kama sumu ya kemikali, na kiungo chake ni figo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wachorongaji ni mkojo na figo, saratani ifuate baadaye.

Mkojo wa urani una masharti yake. Chombo kiwe cha plastiki kilichosafishwa kwa asidi. Mtu akusanye nyumbani, ameoga, nguo za kazi zikiwa nje, kwa sababu chembe moja ya vumbi kutoka kwenye mkono ikidondokea chupani itaandikwa kama imetoka mwilini. Afadhali mkojo wa saa 24. Na lazima uchukue mkojo wa majirani wanaokunywa kisima hichohicho bila kufanya kazi hiyo, pamoja na maji ya kisima chenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 30 za urani kwa lita kama mwongozo wa maji ya kunywa. Ikiwa kisima kimevuka hapo, wafanyakazi na wasio wafanyakazi wote watakuwa na urani, na tatizo ni la kijiji kizima. Ukipima wafanyakazi peke yao utamlaumu mwajiri kwa kosa la mwamba, au utawaacha kina mama na watoto wanakunywa maji yaleyale.

Wakati haya yakiendelea, sababu nyingine zisisubiri. Kikohozi cha mchorongaji au mchimbaji wa dhahabu wa Singida kwanza ni vumbi la silika na kifua kikuu, na silika hufungulia kifua kikuu mlango. Mikono inayotetemeka kwa mchenjuaji ni zebaki. Homa zinazorudirudi kwa kijana wa jamii ya wafugaji anayekunywa maziwa mabichi, pima bruselosi. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliumwa tumbo, wakapata manjano, na takribani 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Kama kambi ya mradi wa madini ingekuwa jirani, tuna hakika kidole cha kwanza kingenyooshwa kwenye mionzi, na mahindi yale yangeendelea kuliwa.

Kuhesabu watu ni kazi inayodharauliwa. "Wagonjwa nane" haina maana mpaka ujue nane kati ya wangapi. Orodha ya mishahara haitoshi, kwa kuwa vibarua wako kwenye mustaroli (daftari la malipo ya kutwa), na walinzi na wapishi wako kwa mkandarasi mdogo. Tafuta na walioacha kazi, maana aliyeumwa zaidi ndiye anayekuwa amesharudi kwao Kongwa au Mpwapwa. Kisha tazama magonjwa yenyewe. Watu nane wenye magonjwa nane tofauti mara nyingi si mlipuko wa kitu kimoja. Saratani ya damu haiji kabla ya takribani miaka 2 tangu dozi ipigwe, na saratani za viungo imara kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Mtu aliyeanza kazi Machi na kugundulika na saratani ya ini Agosti, kazi hiyo haikumpa, hata kama eneo lilikuwa chafu.

Inapofika kwenye fidia, swali hubadilika kuwa la uwezekano. Utafiti wa watumishi zaidi ya 300,000 wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta hatari ya vifo vya saratani ya damu ikipanda kwa karibu mara 3 ya ile ya kawaida kwa kila grei inayoongezeka. Kwa hesabu hiyo, milisivati 10 za gama zinaongeza asilimia 3 hivi, na ili mionzi iwe na uzito sawa na sababu nyingine zote kwa pamoja inahitajika dozi ya takribani milisivati 330. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni dozi, tarehe na aina ya saratani. Andika kiwango cha chini na cha juu cha makadirio yako, usitoe namba moja yenye desimali tatu. Palipo na shaka kwa sababu mwajiri hakuweka rekodi, shaka hiyo isimwangukie mgonjwa.

Matokeo yasomwe kwa wafanyakazi wenyewe kabla hayajafika magazetini, kwa lugha yao, na familia zikiwapo. Jambo la kusema mapema ni kwamba aliyepigwa na gama kutoka kwenye chanzo kilichofungwa hana mionzi mwilini. Hamwambukizi mke, mtoto wala mwenzake wa chumba kimoja. Tumeona watu wakitengewa vikombe na kunyimwa unyumba kwa kukosa sentensi hiyo moja. Mwenye vumbi la urani kwenye nguo naye aelezwe tofauti: nguo zifuliwe kazini, avue buti mlangoni, aoge.

Rekodi za dozi, kwa viwango vya kimataifa, zinatakiwa zitunzwe hadi mfanyakazi afikishe miaka 75, na si chini ya miaka 30 baada ya kuacha kazi hiyo. Mkandarasi wa barabara hukabidhi mradi, akafunga kambi na kuondoka nchini ndani ya miaka mitatu au minne. Kwa hiyo kabla kambi haijafungwa, kila mmoja apewe nakala yake yenye muhuri: aina ya chanzo, tarehe za kuanza na kumaliza, dozi ya kila robo mwaka na ile iliyokadiriwa, na nakala nyingine ipelekwe Tume. Vibarua wa mustaroli wapewe pia.